Chakula cha Kilimo Hai na Vinasaba Vilivyobadilishwa: Lebo Huahidi Nini?

Katika masoko ya Kasulu na Kibondo, neno "asilia" limekwisha kuwa sehemu ya bei. Kuna asali asilia, unga wa lishe asilia na mahindi asilia. Muuzaji akiulizwa maana ya neno hilo, mara nyingi hujibu kwamba bidhaa yake "haina GMO", na mnunuzi huridhika, akalipa zaidi. Je, chakula kinachouzwa kwa jina la kilimo hai kinaweza kuwa na kiungo kilichobadilishwa vinasaba? Jibu fupi ni kwamba kanuni zinakataza, ila chembe zinaweza kupenya. Jibu hilo lina pande mbili, na anayeshika upande mmoja tu hupotoka. Katika nyanda za juu za Kigoma, upotofu huo unaweza kumgharimu mfugaji wa nyuki kipato chake na mtoto lishe yake.

Kilimo hai ni mfumo wa uzalishaji wenye masharti yanayokaguliwa: mkulima hatumii mbolea za viwandani wala viuatilifu vya kemikali zisizoruhusiwa, na hapandi mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Afrika Mashariki ilipitisha kiwango chake cha pamoja mwaka 2007, na alama yake huitwa Kilimohai. Kiwango hicho kinakataza uhandisi jeni, kama vinavyofanya viwango vya Umoja wa Ulaya na vya Marekani. Wapo wanaodhani kwamba, kwa kuwa bidhaa huruhusiwa kuitwa ya kilimo hai ikiwa na asilimia 95 ya viungo vya kilimo hai, basi asilimia 5 iliyobaki yaweza kuwa chochote. Sivyo. Hata sehemu hiyo ndogo hairuhusiwi kutoka katika mazao yaliyobadilishwa vinasaba.

Hata hivyo, alama hiyo huthibitisha namna chakula kilivyozalishwa. Haithibitishi kwamba kila punje imepimwa maabara na kukutwa safi. Chavua hupeperushwa na upepo, magunia hutumika tena, na mashine moja husaga nafaka za wakulima wengi. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 0.9 kwa kila kiungo: chembe za zao lililoidhinishwa zisipozidi hapo, na zikiwa zimeingia bila kukusudiwa, bidhaa hailazimiki kuandikwa kwamba ina vinasaba vilivyobadilishwa. Marekani, ambako zaidi ya asilimia 90 ya mahindi na soya yanayolimwa yamebadilishwa vinasaba, kanuni za kilimo hai hazikuweka kikomo cha namna hiyo. Mkaguzi hutazama kama mzalishaji alifuata utaratibu.

Kwa watu wa Kibondo, ambako misitu ya miombo imelisha nyuki vizazi na vizazi, mfano wa karibu zaidi unatoka Ujerumani. Mfugaji wa nyuki wa Bavaria, Karl Heinz Bablok, alikuta katika asali yake chavua ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba. Mahindi hayo yalipandwa kwa majaribio umbali wa nusu kilomita hivi kutoka kwenye mizinga yake. Mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba asali yenye chavua hiyo isingeweza kuuzwa bila kibali. Mfugaji huyo hakuwa amepanda mahindi hayo, wala nyuki hawajui mpaka wa shamba. Mwaka 2014 sheria ya Ulaya ilirekebishwa, chavua ikatambuliwa kuwa sehemu ya kawaida ya asali, lakini somo lilikuwa limekwisha kutolewa: usafi wa asali hutegemea pia jirani anapanda nini.

Kwa sasa jirani wa mfugaji wa Kibondo hapandi mazao hayo. Tanzania haijaidhinisha zao lolote lililobadilishwa vinasaba kwa kilimo cha biashara. Jaribio la mahindi yanayostahimili ukame lilianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016. Mwaka 2018 Serikali iliagiza majaribio ya aina hiyo yasitishwe. Lakini Kenya ilitangaza mwaka 2022 kuondoa katazo lake la tangu mwaka 2012, na suala hilo likafikishwa mahakamani. Nafaka husafiri kuvuka mipaka. Msindikaji mdogo wa Kasulu anayenunua soya bila kujua ilikotoka hana haki ya kuandika "haina GMO" kwenye mfuko wa unga wake, hata kama nia yake ni njema.

Upande wa pili wa upotofu ni hofu. Mbegu chotara za mahindi huitwa GMO, ilhali chotara hupatikana kwa kuchavusha aina mbili za mahindi, kazi inayofanyika shambani bila kupandikiza jeni. Viazi lishe vyenye rangi ya chungwa na maharage yaliyoongezewa madini ya chuma navyo vimetokana na uzalishaji wa kawaida wa mbegu. Mama anayemnyima mwanawe viazi lishe kwa kuogopa "vinasaba" anamnyima vitamini A bila sababu. Tena, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba viazi vitamu vinavyolimwa duniani vina jeni za bakteria zilizoingia humo zenyewe, bila mkono wa mtaalamu yeyote. Kiazi kilichopandwa na mababu wa Buha tayari kilikuwa nazo.

Hofu hiyo pia haina uwiano na yanayotokea hospitalini. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini ya binadamu anatumia dawa iliyotengenezwa na vijidudu vilivyopandikizwa jeni, teknolojia iliyoidhinishwa Marekani tangu mwaka 1982. Chanjo ya homa ya ini aina ya B wanayopewa watoto hutengenezwa kwa hamira iliyobadilishwa vinasaba. Kuhusu chakula, Shirika la Afya Duniani linasema kwamba vyakula hivyo vilivyomo katika soko la kimataifa vimepita tathmini za usalama na havielekei kuleta madhara kwa afya. Mtu ana haki kamili ya kuvikataa kwa sababu za kiuchumi, kimazingira au za imani yake. Haki hiyo haihitaji kutetewa kwa ugonjwa ambao haujathibitishwa.

Wakati huohuo, hatari iliyothibitishwa hukaa ghalani kimya. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mahindi yaliyowadhuru yalikuwa mengi ya kwao wenyewe, yaliyolimwa na kuhifadhiwa nyumbani. Neno "asilia" halikaushi mahindi.

Yapo mambo matatu yanayofaa kufanywa. Maafisa wa afya na ugani wafundishe tofauti kati ya mbegu chotara, mazao lishe na mazao yaliyobadilishwa vinasaba, kwa lugha moja, ili mwananchi asisikie jambo hili zahanati na lingine shambani. Wauzaji waache kuandika madai wasiyoweza kuyathibitisha; anayetaka alama ya kilimo hai aifuate kwa ukaguzi, na vikundi vya wafugaji wa nyuki wasaidiwe kugharamia ukaguzi huo. Mamlaka nazo zihakikishe kwamba uamuzi wowote kuhusu majaribio ya mazao hayo unatanguliwa na mazungumzo na watu ambao mizinga yao iko jirani.

Mnunuzi wa Kasulu, kwa upande wake, anaweza kuanza na swali moja kwa muuzaji: nani alikagua? Asipopata jibu, ajue kwamba fedha aliyoongeza imelipia neno tu.