Mskoti wa Kwihara na Mtemi Tuliyemsahau

Nikisahihisha karatasi za wanafunzi wangu, nilikutana na sentensi iliyosema kwamba David Livingstone alikuwa Mwingereza. Nikaikata, nikaandika pembeni: Mskoti. Siku ya kurudisha karatasi, mwenye jibu alisimama kwa adabu akauliza, "Mwalimu, kuna tofauti gani?" Darasa likacheka. Nami nikamuuliza: "Wewe ni mtu wa wapi?" Akajibu: "Mtanzania." Nikamwambia hilo nalijua, nataka kujua kwao. Akasita, akatazama chini, akasema kwa sauti ndogo: "Mnyamwezi, Mwalimu, lakini sijui lugha."

Kusita kule ndiko kunakonifanya niandike leo. Kijana mwenye akili timamu alitaja asili yake kama anayekiri kosa mbele ya baraza la kata. Nani aliyemfundisha kwamba ni kosa?

Nianze na swali lake. Livingstone alizaliwa mwaka 1813 Blantyre, Uskoti. Nchi hiyo iliungana na Uingereza mwaka 1707, lakini haikuyeyuka. Ilibaki na sheria zake, mahakama zake, kanisa lake na mfumo wake wa elimu. Mwaka 1999 ikapata tena bunge lake. Septemba 2014 Waskoti waliulizwa kwa kura kama wanataka kujitenga. Asilimia 55 wakakataa, asilimia 45 wakakubali, na asubuhi yake watu wakaenda kazini. Swali zito kuliko yote liliulizwa hadharani na kujibiwa kwa karatasi ya kura. Sisi tumezoea kuwaita wote Waingereza, kama watu wa pwani walivyozoea kuwaita Wanyamwezi watu wote waliotoka magharibi na mizigo mabegani. Anayetazama kutoka mbali hutoa jina moja. Anayeishi ndani ya jina hilo anajua kwamba halimtoshi.

Mskoti huyu ana nyumba kwetu. Ukitoka Tabora mjini, mwendo wa kilomita chache, unafika Kwihara, lilipo tembe alimokaa mwaka 1872 baada ya kukutana na Stanley Ujiji. Stanley alitangulia pwani mwezi Machi. Mgonjwa huyu akangoja hadi Agosti walipofika wapagazi aliotumiwa. Tembe limejengwa upya na linahifadhiwa kama makumbusho. Sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na kipimo chetu cha kumbukumbu.

Siku ile ile nililiuliza darasa: nani anamjua Livingstone? Mikono yote ikapanda. Nani anamjua Mtemi Isike? Ikapanda mitatu. Isike ndiye aliyekuwa mtawala wa Unyanyembe, yaani ardhi hii tunayoikanyaga, Wajerumani walipokuja kuitwaa. Mwaka 1892 mashambulizi yao dhidi ya boma lake yalishindwa. Walirudi Januari 1893 wakiongozwa na Tom von Prince, na alipoona boma limeanguka, Isike alilipua ghala la baruti akiwa ndani yake. Mgeni aliyelala miezi kadhaa tunamjua kwa jina, mwaka na nyumba. Mwenyeji aliyekataa kukamatwa hai hatumjui. Mwenzake Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884 akiwa ameitikisa njia yote ya misafara, amepata bahati kidogo: jina lake, kwa tahajia ya Milambo, limewekwa kwenye shule ya sekondari hapa mjini. Lakini jina lisilofuatana na somo ni kibao tu cha kuelekeza daladala.

Najua nitakachojibiwa, na wanaojibu hivyo si wajinga. Wataniambia: Mwalimu, acha kuchokoza ukabila. Watanitajia Rwanda ya 1994 na Kenya baada ya uchaguzi wa 2007. Watanikumbusha kwamba tangu sensa ya 1967 dola yetu haimwulizi mtu kabila lake, kwamba utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na kwamba amani yetu imejengwa juu ya busara hiyo. Nakubaliana nao katika hayo yote. Siku mtumishi wa umma atakapoangalia ukoo wa mwombaji kabla ya kugonga muhuri, mimi nitakuwa wa kwanza kupiga kelele.

Lakini ukabila ni kugawa haki, ajira na mamlaka kwa kipimo cha damu. Kumjua Isike hakumnyimi mtu wa Kigoma hospitali. Mtoto akijua wimbo wa mavuno wa bibi yake, hakuna aliyepoteza nafasi ya kazi. Tumeyachanganya mambo mawili kwa sababu ya uvivu, na uvivu huo tumeupa jina la uzalendo.

Wanaoogopa wanasahau pia kwamba Unyamwezi haujawahi kuwa jambo la damu tupu. Umejengwa na njia. Mpagazi alibeba pembe hadi Bagamoyo, akarudi na vitambaa, maneno mapya na marafiki. Utani wetu na watu wa pwani, Wazaramo miongoni mwao, ulikomaa katika safari hizo. Nao ni mkataba wa amani ambao hakuna wizara iliyouandika. Wamanyema walikuja wakitoka ng'ambo ya Tanganyika, Waarabu wakajenga, na miembe ya misafara ingali inatupa kivuli. Hapa Ipuli ninapokaa, nyumba nne zinazozunguka ua wangu ni za Msukuma, Muha, Mmanyema na Mnyamwezi, na msiba ukitokea hakuna anayeuliza maiti ni wa kabila gani kabla ya kuchangia. Hiyo ndiyo mila ya Unyanyembe. Nani ataogopa kuifundisha?

Wala sidai tufundishe watakatifu. Njia ile ilibeba pembe na ilibeba watumwa pia. Watemi wetu, Mirambo na Isike wakiwamo, waliishi ndani ya biashara hiyo, na wapo walionufaika nayo. Hayo nayo yasemwe darasani, bila kupaka rangi. Waskoti wenyewe hawana historia safi. Mavazi yao mashuhuri ya nyanda za juu yalipigwa marufuku mwaka 1746, marufuku ikaondolewa 1782, na mwaka 1822 yakavaliwa kwa fahari kumpokea Mfalme George wa Nne jijini Edinburgh, katika sherehe zilizopangwa na mwandishi Walter Scott. Wanazuoni wao wanabishana hadi leo kipi ni cha kale na kipi kilibuniwa. Wanabishana kwa sababu wanacho cha kubishania.

Kuna mtu mmoja aliyeziona nchi zote mbili. Julius Nyerere alisoma sekondari hapa Tabora, akafundisha St. Mary's, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, 1949 hadi 1952. Alirudi kujenga taifa moja kwa Kiswahili, na ni katika mji huu, Januari 1958, TANU ilifanya Uamuzi wa Busara. Mtu huyo huyo hakuacha kuwa Mzanaki wa Butiama, alizikwa huko. Wanaolitumia jina lake kututisha tusitaje kwetu wanamdhulumu.

Kwa hiyo nasema na makundi matatu. Wanafunzi: simu zenu zina kinasa sauti. Rudini likizo mkawarekodi wazee wenu kwa Kinyamwezi, majina ya miti, nyota, taratibu za ndoa, kabla ya misiba kututangulia. Wanaharakati: mnapodai haki za raia, dai pia haki ya mtoto kuifahamu historia ya kata yake. Watumishi wa umma, hasa mlio elimu na utamaduni: kumpeleka mwanafunzi Kwihara ni vyema, basi msiishie hapo. Siku hiyo hiyo apewe saa moja juu ya Isike, afundishwe na mtu aliyejiandaa, na aulizwe katika mtihani.

Yule kijana alikuja ofisini baada ya wiki. Alikuwa amempigia bibi yake simu kumwuliza habari za Isike. Bibi aliongea karibu nusu saa, kwa Kinyamwezi, na mjukuu hakuambulia zaidi ya maneno machache. Aliniomba nimtafutie mtu wa kumfasiria bibi yake mwenyewe.