Hofu Yastahili Jibu

Tarehe 10 Septemba, 2008, ulipowashwa mtambo mkubwa wa CERN wa kugonganisha chembe, uliozikwa mpakani mwa Uswisi na Ufaransa katika mviringo wa kilomita 27, wako watu walioamini kwamba dunia itamezwa. Haikumezwa. Siku 9 baadaye ni mtambo wenyewe ulioharibika, ukakaa zaidi ya mwaka pasipo kazi. Na tarehe 4 Julai, 2012, wataalamu wake wakatangaza kuiona chembe iliyobashiriwa na Higgs na wenzake mwaka 1964. Mitambo midogo ya ukoo huohuo hutibu saratani pale Ocean Road, Dar es Salaam.

Hatuwacheki walioogopa. Tunapenda namna walivyojibiwa. Hawakuambiwa wanyamaze, walionyeshwa kwamba miale itokayo angani, mingine yenye nguvu kupita ya mtambo huo, imeipiga dunia tangu kale, pamoja na majabali ya Singida, nayo majabali yangali yamesimama.

Ndugu zetu wa Manyoni nao wameingiwa na hofu tangu watafutaji wa urani walipofika wilayani, kwa kuwa madini hayo yako karibu na uso wa ardhi. Hofu yao ni ya vumbi na maji, vitu vinavyopimika. Basi vipimwe kabla mgodi haujafunguliwa, na Tume ya Nguvu za Atomiki iwasomee wanakijiji matokeo kwa Kiswahili, kijijini kwao. Mkulima aulizaye habari za kisima chake asiambiwe kwamba anapinga maendeleo.