Neno la Mhariri: Cheti cha Selimundu Hakiamui Ubaba

Mtoto akithibitika kuwa na selimundu, na cheti cha baba kikasoma AA, yaani hana jeni la selimundu, hukumu hutolewa papo hapo: mtoto si wake. Tangu mjadala wa kupima ubaba kwa DNA ulipopamba moto Uganda mwaka 2023, hata cheti cha himoglobini kutoka zahanati ndogo ya Nakivubo, Kampala, hugeuzwa ushahidi wa uzinzi. Huo ni uonevu, na wataalamu wanaounyamazia wanashiriki.

Kanuni ya kwamba mgonjwa wa SS hurithi S, jeni la selimundu, kwa wazazi wote wawili, iliyothibitishwa mwaka 1949, haina mgogoro. Mgogoro uko kwenye herufi za cheti. Baadhi ya vipimo vya haraka huonyesha tu kwamba S ipo. Havitenganishi AS, yaani mbebaji asiye mgonjwa, na SS. Mtoto wa AS, ambaye S ya mama peke yake inamtosha, huandikwa mgonjwa, na mama hufukuzwa kwa kosa la maabara. Mtoto aliyeongezewa damu karibuni naye hutoa jibu lililochanganyika na damu ya mchangiaji. Tena yuko baba asiye na S kabisa ila ana jeni la thalasemia ya beta, kasoro nyingine ya kurithi ya himoglobini: mwanawe wa kumzaa, akipata S kwa mama, anaweza kuonekana SS hata kwenye elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Hali hiyo ni adimu, lakini adimu haitoshi kuvunja nyumba.

Upande wa pili nao husahaulika. Utafiti wa kitaifa wa watoto wachanga, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta asilimia 13.3 ni AS. Baba akiwa AS, basi, hajathibitishwa kuwa mzazi. Majirani wengi sokoni Owino nao ni AS.

Baba, mama na mtoto wapimwe upya pamoja, kwa elektroforesisi, kabla ya yeyote kutamka neno. Anayetaka kujua ubaba aombe kipimo cha ubaba, mbali na kitanda cha mgonjwa. Mtoto aliyekataliwa humpoteza mlipaji wa dawa zake, ikiwemo haidroksiurea, ambayo utafiti wa Hospitali ya Mulago wa mwaka 2017 uliiona salama kwa watoto hata penye malaria.

Makala mbili za toleo hili zinahusu sheria ya matunzo ya watoto. Ya tatu inatetea upimaji kabla ya ndoa. Inafaa kusomwa, ingawa haisemi kipimo gani kitumike, na hapo ndipo makosa mengi huanzia.