Eti Upweke ni wa Wazungu

Jioni Kisauni ni saa ya tamthilia. Pita vichochoroni Mishomoroni usikie Waturuki wakigombana kwa Kiswahili dirisha hadi dirisha. Sasa thubutu kutaja mchezo wa Marekani wa mwaka 1953, wa usiku mmoja tu, unaomhusu bibi kizee anayetaka kurudi kwao. Majibu utakayopewa nayajua yote, na nitayajibu, maana sijaona mchezo wa televisheni unaotuhusu sisi wa upande huu wa bara wa Mombasa kama huo.

Mchezo wenyewe ni "The Trip to Bountiful", ulioandikwa na Horton Foote na kurushwa moja kwa moja na NBC tarehe 1 Machi 1953. Lillian Gish, nyota wa enzi za filamu bubu, aliigiza Bi Watts, mjane anayekaa Houston na mwanawe Ludie na mkaza mwana Jessie Mae. Siku moja anaificha hundi yake ya pensheni na kutoroka kwa basi kuelekea Bountiful, kijiji chake.

"Upweke ni wa Wazungu, Pwani mtu hakai peke yake." Nani kasema Bi Watts anakaa peke yake? Wako watatu katika nyumba ndogo ya kupanga, na hapo ndipo penye uchungu. Anakatazwa kuimba nyimbo zake za dini kwa kuwa zinamkera mkaza mwana. Hundi yake inasubiriwa kuliko yeye. Ajuza kama huyo tunaye. Ametolewa Ganze, kijana wake kamleta Bombolulu "apumzike", akawekewa godoro sebuleni. Kigiriama chake hakimfikishi mbali kwenye nyumba ya vyumba sita ambayo kila mpangaji amefunga mlango wake. Na pesa za Inua Jamii, zile shilingi 2,000 kwa mwezi za waliotimiza miaka 70, zikiingia, wenye kuzijua tarehe zake ni wengi. Nakubali kwamba kwenye miji ya zamani ya Wadigo huko Likoni, mama bado ana dada zake na wajukuu wake ua kwa ua. Lakini Kisauni na Changamwe za leo si zote za namna hiyo, na Likoni yenyewe imeanza kujaa vyumba vya kupanga. Kama Uzungu ndio tatizo, basi mwaka 2013 mchezo huu ulirudi Broadway ukiigizwa na Wamarekani weusi, Cicely Tyson akiwa Bi Watts, naye akatwaa tuzo ya Tony.

"Hakuna kinachotokea." Mama anatoroka, anafuatwa, anafika mji wa karibu na kwao na kuambiwa kwamba rafiki yake, mtu wa mwisho aliyebaki Bountiful, amefariki. Polisi anatumwa kumshika. Kama hayo si matukio, sijui tunasubiri nini. Labda mapacha waliopotezana hospitalini.

"Ni mchezo wa kumsema mkaza mwana." Hili lina chembe ya ukweli, kwani Foote anamcheka Jessie Mae mno. Hata hivyo mtazame vizuri: hana mtoto, mumewe anahangaika na kazi, naye anashinda na magazeti ya filamu na hamu ya kutoka kwenda kunywa soda. Huyo naye ni mpweke, nami namwona kila siku Mikindani: mume anaendesha trela kwenda Malaba, mke yuko ndani na mavyaa asiyemchagua. Jo Van Fleet alipoigiza nafasi hiyo jukwaani alipata Tony, na tuzo kama hiyo haipatikani kwa kuigiza shetani tu.

"Mchezo wa usiku mmoja ni wa kutupwa." Huu ulipanda Broadway mwaka huohuo wa 1953, ukawa filamu mwaka 1985, na Geraldine Page akapata Oscar. Michezo mingi ya wakati ule ilipotea si kwa kukosa thamani, bali kwa sababu kanda za video zilikuwa hazijaingia studioni. Zilikuja mwaka 1956. Kabla ya hapo, kuhifadhi kulikuwa kuipiga filamu skrini yenyewe.

"Watu wetu wanataka kicheko." Vichekesho vya Vitimbi na Vioja Mahakamani tulivipenda, sikatai. Lakini mwaka 1987 Sauti ya Kenya (VOK) ilituonyesha tamthilia ya Tushauriane, mambo mazito ya familia na uzazi wa mpango, na watu walikaa wakatazama.

Limebaki dai la fedha, ambalo hutolewa na watayarishaji wenyewe. Kwa Foote palihitajika sebule, kituo cha basi, viti viwili vya basi na waigizaji wachache, katika studio finyu yenye kamera nzito. Kisauni sebule zipo, na mabasi ya Kilifi yanapita kila saa. Atafutwe mama wa kuigiza anayekijua Kigiriama, na mwandishi atakayemwacha aseme.