Wanakuja Wodini, Wanapiga Picha, Wanaondoka (Sehemu ya 3)

Ile posti ya pili kuhusu wanafunzi wa chuo wanaopita wodini na vifaa vyao imeniletea komenti nyingi. Kuna mama kaandika, "Nesi, wafukuzeni, watoto wetu sio panya wa maabara." Kuna baba kajibu tuwaache vijana wabuni, tusiwe washamba. Leo nawajibu wote wawili, na nina hasira kidogo, mnisamehe.

Kwa asiyejua: siku hizi vyuo vinawapa wanafunzi mradi wa kikundi. Mmoja anasomea uhandisi, mwingine kompyuta, mwingine biashara. Wanaunganishwa na kampuni na hospitali au kijiji, wanaambiwa tafuteni tatizo la kweli mlitatue. Wazo ni zuri, silipingi hata kidogo. Napinga vile nilivyoona likifanywa.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa wodi ya watoto njiti. Wakaja vijana wanne na mwalimu wao, na mtu wa kampuni. Wametengeneza mkanda wa kufunga mguuni mwa mtoto, unapima joto, mtoto akianza kupoa simu ya nesi inalia. Walikaa na daktari ofisini kama saa nzima. Mimi niliyekuwa zamu hakuna aliyeniuliza kitu. Wangeniuliza ningewaambia mawili tu: usiku tuko manesi wawili kwa watoto 20 na zaidi, na ndani ya wodi ile intaneti haishiki, ukitaka kutuma meseji unatoka mpaka kwenye korido. Mkanda ulitegemea intaneti. Mnajua kilichofuata.

Mama aliyekubali mwanawe afungwe alikuwa binti mdogo, uzazi wa kwanza. Siku tatu walikuja, wakapima, wakapiga picha. Halafu kimya. Nikaja kuona picha ya wodi yetu kwenye ukurasa wa ile kampuni, vijana wameshika cheti. Mkanda ulibaki kwenye droo yetu, chaja ikapotea. Na yule binti kila asubuhi: "Dada nesi, wale wa chuo wanarudi lini? Walisema wataniletea majibu." Nilikuwa naangalia pembeni. Mtoto alitoka salama, Mungu mwema, kwa kifua cha mama yake na maziwa ya kukamuliwa. Mkanda haukuhusika.

Sasa wewe mama unayesema tuwafukuze. Tukiwafukuza tunapoteza. Mwaka 2007 chuo cha Stanford kule Marekani, wanafunzi wa fani tofauti walipewa kazi darasani: tengenezeni inkubeta ya bei rahisi. Ilibidi mtu aende Nepal kuona kwanza. Hospitalini kukakutwa inkubeta zimekaa tupu, maana watoto wengi walikuwa wanazaliwa vijijini na hawafikishwi huko. Wakaacha kutengeneza inkubeta. Wakaja na kama kibegi cha kulalia, ndani kina mfuko wa nta maalumu inayotunza joto la mwili kwa masaa kadhaa bila umeme. Walipofika India kukawa na mama aliyewaambia dawa za kizungu zina nguvu sana, kwa hiyo yeye angepunguza kipimo, asipashe mpaka nyuzi walizoelekeza. Hawakumcheka. Walitoa namba, wakaweka alama moja tu ya kuonyesha joto limetosha au bado. Mama mmoja wa kijijini alibadilisha kifaa.

Na Malawi, karibu zaidi na sisi. Wanafunzi wa chuo cha Rice, Houston, walitengeneza mashine ya kumsaidia mtoto kupumua kwa kutumia pampu za tangi la samaki wa mapambo. Mapafu ya njiti kila akitoa pumzi yanataka kujifunga. Mashine inasukuma hewa kidogo yabaki wazi. Lakini haikuishia darasani: ilipelekwa hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, ikafanyiwa utafiti, kampuni ikaichukua kuizalisha, ikapewa jina la Kichewa, Pumani. Matokeo yalichapishwa 2014. Watoto wenye shida ya kupumua waliopewa oksijeni ya kawaida walipona 44 kwa 100. Waliowekwa kwenye mashine, 71 kwa 100. Mimi nimebeba watoto wa namna hiyo mikononi, najua hizo namba zina uzito gani.

Baba, na wewe usishangilie. Hawa wa Malawi walirudi, tena na tena, na kulikuwa na mtu wa kuwafundisha manesi. Wa kwetu walirudi kuchukua nini? Alama walishapata siku ya kuwasilisha. Mimi nasema nusu ya alama zisubiri. Miezi sita ikipita, mwalimu aje wodini bila kuaga aone kifaa kinatumika au kiko kwenye droo. Mtasema wanafunzi wanahitimu. Sawa, kikundi cha mwaka unaofuata kirithi kazi, sio kila mwaka kuanza mkanda mpya. Na kampuni iliyoweka nembo yake kwenye picha ituletee vipuri na imlipe fundi.

Halafu hili la "fani mbalimbali" linanichoma. Fani zote zipo isipokuwa yetu. Mhandisi yupo, mtu wa masoko yupo, mwanafunzi wa uuguzi ngazi ya diploma hayupo, wakati ndiye atakayekesha na hicho kifaa. Au diploma sio elimu?

Mama, wakija kwenye kitanda chako, waulize. Utafiti unaohusu watu lazima uwe na kibali cha maadili, kwa ngazi ya taifa hutolewa na NIMR. Omba wakuonyeshe, wakusomee kwa Kiswahili. Una haki ya kukataa na mtoto wako akahudumiwa vilevile, na ya kubadili mawazo hata kama ulishasaini. Picha ya mwanao ni ridhaa nyingine, isipitishwe humohumo. Na chukua namba ya simu ya mwalimu, sio ya mwanafunzi, maana mwanafunzi ataondoka.

Yule binti naye siku ya kuruhusiwa aliacha namba yake kwenye karatasi, akaniambia wakirudi niwape. Ninayo mpaka leo.

Sehemu ya 4 ni Alhamisi, nitaandika kuhusu fundi vifaa tiba na kwa nini humwoni wodini.