Muziki wa Hatari! una sauti zetu, tuanze kudai majina

CHINI YA MERU
Na Anaeli Mbise

Ukiiacha barabara kuu ya Moshi pale Usa River ukapanda kuelekea Ngurdoto, unafika Momella, mahali ambapo Howard Hawks alirekodi sehemu kubwa ya filamu ya Hatari! kati ya mwisho wa 1960 na mwanzo wa 1961, Tanganyika ikiwa haijapata uhuru. Watu wa Arusha tunaikumbuka kwa John Wayne, kwa vifaru wanaokimbizwa na magari, na kwa watoto wa tembo wanaomfukuzia Elsa Martinelli mjini. Wiki hii naomba tuifumbie macho, tuisikilize tu.

Hatari! ni filamu ya kauboi, hata kama haina kauboi hata mmoja. Hawks alikuwa ameshatengeneza Red River mwaka 1948 na Rio Bravo mwaka 1959, zote mbili akiwa na Wayne. Alipokuja kwetu alibadilisha vifaa tu. Farasi wakawa magari, ng'ombe wakawa vifaru na twiga, na kamba ya kunasia ikafungwa kwenye mti mrefu anaoushika mtu aliyekaa mbele ya gari. Yaliyobaki ni yale yale: wanaume na kazi yao, mgeni wa kike anayewavuruga, piano jioni.

Muziki wa hizo filamu mbili za awali uliandikwa na Dimitri Tiomkin, bingwa wa okestra kubwa za kauboi, na hii nayo ilikuwa iwe yake. Hawks mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba alimwambia hataki fidla wala vyombo vya filimbi. Tiomkin akakubali, kisha akapiga simu kuuliza kama bosi alikuwa anatania. Akaachishwa kazi hapo hapo.

Kazi ikamwangukia Henry Mancini, mtu wa jazz, mtunzi wa "Moon River". Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1989, Mancini anaeleza vitu ambavyo Hawks alirudi navyo kutoka Afrika: kinanda cha kupigwa kwa vidole gumba, vibuyu, maganda marefu ya mbegu yanayochakacha ukiyatikisa, na kanda zenye nyimbo za Wamaasai. Mancini akavikalia vitu hivyo. Kinanda cha vidole kilipogoma kuelewana na okestra, alichukua piano akailegeza nyuzi mpaka ikaifuata sauti ya kile kinanda. Hapo ndipo ninapomheshimu. Wengine wangekitupa kinanda.

Tafuta wimbo unaoitwa "Sounds of Hatari" uusikilize kwa sauti ya juu. Unaanza chini kabisa, ngoma na michakacho, mdundo unaojirudia bila haraka. Kisha shaba zinaingia, tarumbeta na wenzake, zinapanda juu ya ule mdundo kama vumbi la gari, na ule mdundo hauwapishi. Katika filamu za kauboi za kawaida okestra inatawala uwanda wote, mwenyeji akisikika ni kwa ngoma mbili tatu za kutisha. Hapa ardhi ndiyo inayoshika wimbo, okestra inapita juu yake. Tofauti hiyo ni kubwa, na ninaamini imetokana na vile vitu vya Afrika.

Lakini wimbo uliopata umaarufu zaidi ni "Baby Elephant Walk". Hawks alikuwa na picha za watoto wa tembo wakienda majini na Martinelli, hazina mazungumzo, na hakuwa na uhakika kama azibakize. Mancini akatazama miguu yao, akaona inatembea kwa mtindo wa boogie-woogie, mapigo nane kwa kila kipimo. Akaweka besi ya mtindo huo, kinanda cha sarakasi, na klarineti ndogo yenye sauti kali. (Kwa hiyo vyombo vya filimbi vilirudi kupitia mlango wa nyuma.) Mwaka 1963 mpangilio wa wimbo huo ukampatia tuzo ya Grammy.

Sasa hoja yangu. Jalada la santuri ya RCA Victor lina jina la Mancini, na analistahili. Kitabu chake kinataja kinanda, vibuyu, maganda na kanda, na kwa hilo alikuwa mwaminifu kuliko wengi. Ila vitu hivyo vyote vilitoka mikononi na vinywani mwa watu. Kinanda kina fundi aliyekichonga. Na anayewajua Wamaasai anajua wimbo wao hauanzi wenyewe. Yupo olaranyani, kiongozi anayetoa sauti ya kwanza, wenzake wakamjibu kwa ile ngurumo ya kooni. Kwa hiyo kwenye zile kanda alikuwepo mtu anayeongoza, mwenye jina, baba na boma.

Jina likiandikwa, mambo hubadilika. Hukwe Zawose, Mgogo, alipiga ilimba, ndugu wa kile kinanda cha Hawks. Santuri zake zilizotoka Uingereza kwa lebo ya Real World zina jina lake juu, na ndiyo maana tangu afariki mwaka 2003 familia yake bado inaitwa majukwaani kwa jina hilo. Ludwig Göransson alipoandika muziki wa Black Panther ya 2018 alikwenda Senegal akafuatana na Baaba Maal, na dunia nzima ilijua sauti inayoimba mle ni ya nani.

Wapiga picha wa nje hawajaacha kuja Arusha. Wanaomba kibali cha Bodi ya Filamu, wanalipa ada za TANAPA wakiingia hifadhini. Naomba kwenye kibali hicho iongezwe karatasi moja: kila anayeimbishwa au kupigishwa chombo mbele ya maiki aandikwe jina, kijiji na malipo yake, na nakala ya sauti ibaki nchini. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 tayari inazitambua sanaa za jadi. Kinachokosekana ni utaratibu wa siku ya kurekodi.

Mahali pa kuzihifadhi nakala hizo papo, tena njiani kuelekea Momella. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kinafundisha shahada ya muziki, na usharika baada ya usharika chini ya Meru una bendi yake ya matarumbeta. Ningependa Makumira waipige "Sounds of Hatari" pale pale chuoni, shaba za sharika zikiwa upande mmoja, kundi la waimbaji wa Kimaasai upande wa pili, na olaranyani awe wa kwanza kuandikwa kwenye ratiba.