Wote Wanaimba Uhuru, Lakini Si Wimbo Mmoja

Kuna watu wawili ambao sisi vijana wa mjini tumezoea kuwatia kapu moja: mliberali na mlibertaria. Kapu lenyewe tumeshalipa jina, tunaliita uliberali mamboleo. Humo ndani tunamtupia IMF, Benki ya Dunia, ubinafsishaji, soko huria, Obama na Milton Friedman, wote pamoja. Ukishatamka neno hilo kijiweni unahesabiwa kuwa msomi, mjadala umekwisha, agiza chai nyingine.

Leo nataka tulimwage hilo kapu tuone kilichomo. Ndugu msomaji, watu wawili wanaweza kukuambia kwamba wanatetea uhuru wako huku kila mmoja anakuvuta upande wake. Usipojua la kuwauliza, utamfuata mwenye sauti nzuri.

Tuanze na ukoo. Neno mama ni moja, "liber" la Kilatini, yaani huru. Uingereza ya karne ya 19, mliberali alikuwa mtu anayetaka serikali ndogo, biashara isiyo na vikwazo, na mfalme asiyeingilia maisha ya watu. Lakini miji ya viwanda ilipojaa watu wanaofanya kazi mpaka wanaanguka, baadhi ya waliberali wakaanza kujiuliza: huyu mfanyakazi ambaye akiugua wiki moja familia yake inalala njaa, uhuru wake uko wapi? Ndiyo maana serikali ya chama kile kile cha Liberal ilileta pensheni ya wazee mwaka 1908 na bima ya taifa mwaka 1911. Marekani nako Franklin Roosevelt akalichukua jina hilo miaka ya 1930, na mwaka 1935 akasaini sheria ya hifadhi ya jamii.

Wale waliobaki na imani ya zamani wakajikuta wamenyang'anywa jina. Miaka ya 1950 baadhi yao Marekani wakaanza kujiita walibertaria. Kichekesho ni kwamba na hilo nalo waliliokota kwa wenyewe. Mwaka 1858 Mfaransa mmoja, Joseph Déjacque, alianza kuchapisha New York gazeti lililoitwa Le Libertaire, na yeye alikuwa anapinga serikali na mali binafsi kwa pamoja! Leo jina hilo wanalo watu wanaoiona mali binafsi kuwa kitu kitakatifu. Chama chao, Libertarian Party, kilianzishwa Colorado mwaka 1971, na matokeo yake mazuri kuliko yote katika uchaguzi wa rais yalikuwa mwaka 2016: kura karibu milioni 4.5, kama asilimia 3 hivi. Ni chama kidogo, lakini mawazo yake yamepenya mbali kuliko kura zake.

Sasa tofauti yenyewe ni ipi? Nadhani Mtanzania anaweza kuielewa haraka kuliko Mmarekani, kwa sababu sisi tumelelewa na wimbo wa maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini.

Muulize mliberali: je, hao ni maadui wa uhuru? Atakujibu ndiyo, bila kusita. Roosevelt, Januari 1941, alipotaja uhuru wa aina nne, aliweka uhuru wa kusema na wa kuabudu, halafu akaongeza uhuru wa kutokuwa na uhitaji na uhuru wa kutokuwa na hofu. Mwalimu Nyerere, ambaye hakuwa mliberali hata kidogo, naye katika Uhuru na Maendeleo mwaka 1968 aliuhesabu uhuru wa kuepukana na njaa, maradhi na umaskini kuwa sehemu ya maana ya uhuru. Kwa hoja hii, mtu asiyeweza kumpeleka mtoto hospitali hayuko huru, hata kama hakuna polisi aliyemgusa.

Muulize mlibertaria swali hilo hilo. Atakuambia umaskini ni balaa, maradhi ni balaa, lakini si utumwa. Mtu mgonjwa ana bahati mbaya. Mtu aliyefungwa bila kosa ndiye aliyenyimwa uhuru. Uhuru, kwake, unavunjwa na jambo moja tu: mtu mwingine kukutumia nguvu, kukuibia au kukutapeli. Na mwenye nguvu kuliko wote ni nani? Serikali. Yenye bunduki ni serikali, yenye jela ni serikali, na inayochukua sehemu ya mshahara wako kabla hujauona ni serikali. Kwa hiyo ukimwambia serikali iongezewe uwezo ili "ikuletee uhuru", anakuona kama mtu anayemwomba fisi amlindie bucha.

Ubishi huu ulipata mabingwa wawili waliofundisha falsafa chuo kimoja, Harvard. John Rawls mwaka 1971 alitaka tufikirie hivi: jipangie nchi utakayoishi, lakini hujui utazaliwa mtoto wa tajiri au wa maskini, mzima au mlemavu. Ungepanga nini? Hakika ungehakikisha aliye chini kabisa hasahauliki. Robert Nozick akamjibu mwaka 1974 kwa mfano wa mcheza kikapu Wilt Chamberlain: gawa mali kwa usawa wowote unaoutaka, halafu mashabiki kwa hiari yao wampe senti 25 kila mmoja kumtazama anavyocheza. Mwisho wa msimu Chamberlain ni tajiri na hakuna aliyeibiwa. Serikali inapata wapi haki ya kumnyang'anya?

Ukiwasoma kwa mpigo, utajikuta unatikisa kichwa kuwakubali wote wawili. Ndiyo maana mimi sipendi kuishia kwenye mifano ya darasani. Twende mahali palipotokea.

Tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne weusi waliingia duka la Woolworth mjini Greensboro, North Carolina. Walinunua vitu vidogo vidogo, wakapokelewa hela zao vizuri tu. Kisha wakaenda kuketi kwenye kaunta ya chakula ya duka hilo hilo. Hapo wakaambiwa hawahudumiwi. Hela yao ilikuwa safi kwa dawa ya meno, ila si kwa kikombe cha kahawa. Wakabaki wameketi mpaka duka likafungwa, na siku zilizofuata wakaja wenzao wengi zaidi.

Haya, nani aliyekuwa ananyimwa uhuru pale?

Mliberali anasema ni wale vijana. Unapozuiwa kula, kulala hotelini au kupata kazi kwa sababu ya rangi yako, haikusaidii kitu kuambiwa kuwa aliyekuzuia ni mfanyabiashara na si mkuu wa mkoa. Kwa hiyo sheria ilipaswa kuingia, na iliingia: Sheria ya Haki za Kiraia, Julai 1964, iliyokataza ubaguzi wa rangi katika hoteli, migahawa na kumbi za burudani.

Mlibertaria wa kweli anakuambia ubaguzi ni upuuzi, yeye mwenyewe asingekula kwenye mgahawa kama huo. Lakini mgahawa ni mali ya mtu, na mwenye mali ana haki ya kuchagua nani aingie, hata kama anachagua kishenzi. Hili silisingizii. Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi lilipopitisha azimio la kuadhimisha miaka 40 ya sheria hiyo, kura zilikuwa 414 kwa 1. Hiyo moja ilikuwa ya Ron Paul, aliyewahi kugombea urais kwa tiketi ya Libertarian Party mwaka 1988, na sababu aliyoitoa ndiyo hiyo: sheria inavunja haki ya mali na uhuru wa watu kuingia mikataba.

Kabla hujamrushia mawe, msikilize. Mlibertaria ana hoja nyingine nzito: nani aliyejenga ubaguzi wa kusini mwa Marekani? Serikali zenyewe! Louisiana mwaka 1890 ilitunga sheria ya kutenganisha mabehewa ya weusi na weupe, na kampuni za reli hazikuifurahia kwa sababu mabehewa ya ziada ni gharama. Mahakama Kuu ya Marekani ikaibariki sheria hiyo mwaka 1896. Tena, Woolworth ya Greensboro ilifungua kaunta yake kwa weusi Julai 1960, miaka minne kabla ya sheria, kwa sababu mgomo wa wateja ulikuwa unaitia hasara. Soko limefanya kazi, anasema.

Ni hoja ya kweli, lakini angalia bei yake. Karibu miezi sita ya watu kutukanwa na kutishwa, kwa ajili ya kaunta moja katika mji mmoja. Na uongozi wa duka ulipokataa kuwahudumia ulijitetea kwamba unafuata desturi ya mahali. Desturi, jamani! Soko halikuwa upande wa wale vijana miaka yote ile, kwa sababu wateja weupe ndio waliokuwa na hela nyingi na ndio walioutaka ubaguzi. Hapa ndipo mlibertaria ananipoteza. Yeye anaiona mikono ya serikali tu. Mikono ya desturi, ya tajiri mmoja anayeajiri mji mzima, ya mwenye nyumba, haioni, au anaiona na kuiita hiari.

Hata hivyo hawa si paka na panya kila siku. Baada ya Septemba 11, 2001, Marekani ilipopitisha Patriot Act kuipa serikali uwezo mpana wa kuchunguza watu, katika Seneti aliyepiga kura ya hapana alikuwa mmoja tu, Russ Feingold, mliberali. Katika Baraza la Wawakilishi, Warepublican waliokataa walikuwa watatu, na mmoja wao ni yule yule Ron Paul. Yule aliyeipinga sheria ya 1964 alisimama peupe siku ambayo waliberali wengi walijificha. Bunduki ya serikali inapoelekezwa kwenye simu na mdomo wa raia, hawa wawili huwa ndugu.

Wanaachana tena ikija hela. Argentina ilimwapisha Javier Milei Desemba 2023, mlibertaria aliyefanya kampeni na msumeno wa mnyororo mkononi, akapunguza wizara kutoka 18 hadi 9. Mfumuko wa bei uliopita asilimia 200 mwaka 2023 ulishuka hadi kama asilimia 118 mwaka 2024. Umaskini nao ulipanda hadi karibu asilimia 53 ya watu nusu ya kwanza ya 2024, kisha ukashuka hadi asilimia 38 nusu ya pili. Mlibertaria anasoma takwimu hizo na kusema mmeona? Mliberali anauliza: wale walioumia katikati, nani aliwauliza?

Sasa turudi nyumbani na kapu letu. Chukua mambo matatu ya hapa kwetu uwapelekee hawa wawili. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu wakahamishwa kwa nguvu: wote wawili wangepinga. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, mwanablogu akatakiwa kulipia leseni ili aandike mawazo yake: wote wangepinga. Kuchangia gharama za matibabu hospitalini kulikoanza mwaka 1993: hapo mlibertaria angesema sawa, huduma ina bei yake, mliberali wa Roosevelt angesema mmemfungia maskini mlango. Kwenye mambo matatu tu, kapu la "uliberali mamboleo" limeshindwa kutuambia lolote. Na lina madhara, maana anayetetea haki yako ya kusema anaweza kufukuzwa kwa tuhuma za IMF, na anayetaka ulipie kila kidonge anaweza kupita kwa vile tu naye ametaja uhuru.

Msimamo wangu? Pale Greensboro nimekaa na mliberali, na sihami. Uhuru ambao hauwezi kumpatia mtu kikombe cha kahawa kwa hela yake mwenyewe ni uhuru wa wachache. Lakini sisi tumeiona serikali inayokupenda mpaka inakuhamisha kijiji, kwa hiyo swali la mlibertaria tusilitupe: huo uwezo mnaoipa serikali leo kwa nia njema, kesho utashikwa na nani?

Basi, siku nyingine mwanasiasa akisimama jukwaani na kutaja uhuru, usipige makofi kwanza. Muulize: uhuru dhidi ya nani? Dhidi ya polisi tu, au na dhidi ya bosi, mwenye nyumba na bili ya hospitali? Na wewe, ndugu msomaji, ungejibuje?

Nawasilisha.